UZI: Kutoa kabureta kwenye Bandit 1200 ya mashindano na kufunga throto za GSX-R na kontroboksi ya kujipangia mwenyewe

Bandit1157
Wakuu habari za jioni. Nina injini ya Suzuki Bandit 1200, ile ya zamani inayopozwa kwa oili, cc 1157, kabureta nne za Mikuni za milimita 36. Nimeifunga kwenye bagi ya autocross, kigari chepesi cha mashindano. Kwenye mstari ulionyooka haina shida ila kwenye kona ndefu mafuta yanalala upande mmoja ndani ya bakuli za kabureta, natoka kwenye kona injini inakohoa kama sekunde nzima ndo inakaa sawa, na hiyo sekunde ndo mwenzako anakupita.
Sasa nimepata throto (milango ya kuingizia hewa) za GSX-R1000 ya 2001, za milimita 42, zimekuja na nozeli zake za kupulizia mafuta na sensa yake. Kuna jamaa kaniambia nunua kontroboksi yoyote (kompyuta ya kuongoza mafuta na moto) inayopangwa kwa laptop, pakua mapu ya mtu (jedwali la kiasi cha mafuta na wakati wa moto) kwenye intaneti, washa. Ni rahisi hivo kweli? Naomba walioshika hii kazi kwa mikono yao waseme.

kabureta_mpaka_kesho
Mkuu kwanini usinunue kabureta za slaidi bapa za mashindano ukaweka jeti zako ukalala. Kompyuta kwenye vumbi na maji ni kutafuta presha bure. Hizi injini zimekimbia kabureta miaka na miaka.

mzee_wa_laptop
Kaka hapo juu ana hoja kwenye pikipiki, maana pikipiki inalala kwenye kona na mafuta yanalala nayo, bakuli halijui kama kuna kona. Bagi hailali. Inasukumwa kwa ubavu na mafuta yanapanda ukuta wa bakuli, hata ukifunga kabureta za bei gani bakuli ni bakuli. Kwahiyo kwa shida ya Bandit1157 nozeli ndo dawa yenyewe, sio urembo.
Ila hilo la kupakua mapu ya mtu ukawasha, hapana mdogo wangu. Na hata swali la kontroboksi gani ununue lisubiri. Hizi kazi nyingi zinazokufa gereji hazifi kwasababu ya boksi, zinakufa kwasababu boksi linadanganywa na sensa, afu mtu anahangaika kubadilisha mapu wiki nzima kurekebisha kitu ambacho hakipo kwenye mapu.
Tuanze na chuma kwanza.
Throto za GSX-R hazikutengenezwa kwa injini yako, usitegemee zikae. Chukua veniya, pima katikati ya tundu hadi katikati ya tundu kwenye silinda hedi, tundu la 1 hadi la 2, la 2 hadi la 3, la 3 hadi la 4, kisha pima throto hivohivo. Zikipishana kidogo watu wanalazimisha mipira ya manifoldi ijinyonge, usifanye hivo, mpira uliojinyonga unavuja hewa injini ikipata moto na ile hewa haijapimwa na mtu yeyote. Tenganisha throto, kereza spesa mpya, shafti za kuunganisha bataflai (vibao vya kufungua na kufunga hewa) ziendane. Hiyo ni kazi ya fundi wa kukereza anayejua, usiifanyie haraka.
Pili, hizo za 2001 zina bataflai mbili kwa kila tundu. Ya chini unaivuta wewe, ya juu ilikuwa inaendeshwa na mota ndogo kwa amri ya kompyuta ya Suzuki ili kutuliza injini ukifungua ghafla. Boksi lako jipya halitaijua. Toa bataflai za juu na shafti zake zote, ziba matundu ya shafti vizuri kabisa, na skrubu za bataflai zinazobaki zifungwe kwa gundi ya nyuzi, maana ikichomoka moja inaenda moja kwa moja kwenye valvu.
Tatu, springi za kurudisha throto ziwe mbili. Moja ikikatika nyingine ibaki. Hili silijadili na mtu.

Bandit1157
Asante mzee wangu. Na ukubwa? Kutoka 36 kwenda 42 si nitapata nguvu nyingi?

mzee_wa_laptop
Fanya hesabu ya eneo. Tundu la 36 ni kama milimita za mraba 1,018, la 42 ni 1,385. Umeongeza asilimia 36 ya mlango. Lakini injini ni ileile, inavuta hewa ileile kwa mizunguko ileile, kwahiyo juu kabisa utapata kitu kama kamshafti na hedi vinaruhusu, ila chini kila milimita ya mguu wako inafungua hewa nyingi kuliko zamani. Kwa cc 1157 milimita 42 sio kubwa kupita kiasi, inatunika. Ila andaa mguu na andaa mapu ya chini, nitakuja huko. Ukiweza, weka gurudumu la kuvutia waya la umbo la yai, mwanzo lifungue polepole mwisho lifungue haraka. Kitu kidogo ila dereva atakushukuru.

Dada_Umeme
Naomba niingie kwenye waya maana hapo ndo penye vilio.
Boksi linahitaji kujua krenki (shafti kuu ya injini) iko wapi, kila wakati, bila kubahatisha. Kwenye Bandit rota ya pikapu (sensa inayosoma krenki ikizunguka) iko mwisho wa krenki upande wa kulia ndani ya kava, imetengenezwa kwa ajili ya boksi lake la asili. Wengi wanatoa ile wanakereza gurudumu la meno lenye jino moja pungufu, 24 toa 1 au 36 toa 1. Kwenye kipenyo kidogo kama kile mi nachagua 24, meno 36 yanabanana mno pikapu haiyaoni vizuri. Pengo kati ya pikapu na jino liwe dogo na liwe sawa mzunguko mzima, gurudumu likipinda kidogo tu utapoteza meno kwenye resi ya juu.
Pikapu ya sumaku ina waya mbili na watu wanadhani unaweza kuzifunga vyovyote. Haiwezekani. Voltiji yake inatakiwa ikate sifuri kwa kasi katikati ya jino. Ukizigeuza injini itawaka vizuri tu, hapo ndo inapokudanganya, ila taimingi (wakati wa plagi kupiga moto) itakuwa inahama kadri mizunguko inavyopanda. Kuijua ni rahisi, funga taimingi digrii 10 kwenye programu, piga taa ya taimingi kwenye alama, pandisha resi hadi 6,000. Alama ikae palepale. Ikitembea, geuza waya mbili, pima tena.
Waya za pikapu zisokotwe na zivikwe kinga, na kinga iende athi upande wa boksi peke yake. Athi zote kubwa zikutane sehemu moja kwenye blok ya injini. Athi za sensa usizifunge kwenye fremu, zirudi kwenye boksi. Na tumia plagi zenye herufi R, zile zenye rezista ndani. Kuna bagi ililetwa kwangu inazima kila ikifika 7,000, mwenye nayo ameambiwa boksi bovu anunue lingine, nikatoa plagi zisizo na rezista nikaweka za R, ikapanda mpaka mwisho. Boksi lilikuwa zima muda wote.

mzee_wa_laptop
Dada kasema yote. Niongezee jambo moja ambalo naliona kubwa kuliko mengine kwenye huu uzi: USIFUNGE MOTO NA MAFUTA SIKU MOJA. Funga boksi liendeshe moto wa plagi tu, kabureta ziache palepale zinamwaga mafuta kama kawaida. Bandit ina koili mbili, moja inapiga silinda 1 na 4, nyingine 2 na 3, kwahiyo hata sensa ya kamshafti huhitaji. Panga taimingi kwa mizunguko, kimbiza, hakikisha meno hayapotei, alama haitembei, boksi halijizimi. Ukishaliamini ndo utoe kabureta. Maana ukibadilisha vyote kwa pamoja afu injini ikakataa, utakaa unaangalia laptop hujui kama ni moto, ni mafuta, ni hewa, ni waya. Nimewaona vijana hodari kabisa wakiuza mradi wao kwasababu ya hiyo tu.

Bandit1157
Hii ya kuanza na moto peke yake sikuwahi kuiwaza. Ntafanya. Sasa boksi linajuaje mafuta kiasi gani? Mtu mmoja anasema tumia sensa ya presha ya manifoldi mwingine anasema tumia throto.

mzee_wa_laptop
Hapa tukae kidogo.
Gari la kawaida lina throto moja na manifoldi kubwa, presha ndani yake imetulia, ukiipima unajua hewa kiasi gani inaingia. Wewe una throto nne, kila silinda na bomba lake fupi, presha ndani inaruka juu chini kila valvu ikifunguka, na ukifungua throto robo tu vakyumu (mvuto wa hewa) imeshaisha, sensa inasoma karibu sawa na hewa ya nje. Kuanzia hapo hadi mguu kwenye sakafu sensa haioni tofauti. Ndo maana throto nne za mashindano zinapangwa kwa pembe ya throto na mizunguko, wanaita alfa-n. Ducati walitoka nayo kwenye 851 mwishoni mwa miaka ya 80 na mfumo wa Weber-Marelli, na Raymond Roche akachukua ubingwa wa dunia wa Superbike 1990 juu ya pikipiki hiyo. Sio njia ya mkato, ni njia ya mashindano.
Sasa matokeo yake ni kwamba sensa ya throto inakuwa ndo macho ya boksi. Kila kitu kinaitegemea. Na hapa ndo watu wanafunga sensa imelegea, bodi yake inacheza, waya zimeunganishwa na tepu.
Angalia hesabu. Sensa inatoa kama voltiji 0.5 throto ikiwa imefungwa na 4.5 ikiwa wazi. Asilimia moja ya throto ni voltiji 0.04. Boksi la kawaida linagawa voltiji 5 kwa hatua 1,024, kwahiyo asilimia moja ni hatua kama 8. Kelele za umeme za voltiji 0.02 tu zimeshakula nusu asilimia. Juu kabisa nusu asilimia sio kitu, 80 na 80.5 ni hewa ileile. Chini kabisa, kutoka asilimia 1.5 kwenda 2 kwenye throto za 42, hewa inaongezeka sana, na boksi litadhani umekanyaga litamwaga mafuta ya kukanyagia. Matokeo sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa) inapanda inashuka, inanuka petroli, plagi nyeusi, na mtu anakimbilia mapu.
Kwahiyo chukua mita, weka kwenye waya ya kati ya sensa, fungua throto polepole kabisa kwa kidole kutoka kufungwa hadi wazi. Namba ipande bila kurukaruka hata sehemu moja. Achia, irudi namba ileile. Fungua tena, achia, ileile. Ikirudi tofauti, ni shafti, springi au sensa, na hutakiwi kuendelea na chochote mpaka uipate.
Mistari ya throto kwenye mapu usiigawe sawasawa 0, 10, 20, 30. Ibanane chini: 0, 1.5, 3, 5, 8, 12, 18, 26, 38, 55, 75, 100. Kazi kubwa iko chini ya 12.
Na kabla ya mapu sawazisha throto nne ziwe zinavuta sawa, geji za vakyumu kwenye kila tundu. Zisipovuta sawa silinda moja ina mafuta mengi nyingine machache na sensa ya ekzosi itakupa wastani wa uongo.

Dada_Umeme
Na asisahau sensa ya joto. Hiyo injini haina maji, hamna pa kufunga sensa ya kawaida. Funga kwenye oili au kwenye hedi karibu na plagi. Oili inachelewa kupata moto kuliko hedi kwahiyo mafuta ya asubuhi lazima upange kulingana na sehemu uliyochagua, usikopi ya mtu mwenye injini ya maji.

Buggy_Nairobi
Niko Nairobi, naendesha bagi yenye injini ya pikipiki. Naomba niwaambie kitu ambacho huku kinaumiza watu. Injini ikipangwa Mombasa ikija huku inatoa moshi mweusi na kukosa moto, ikipangwa huku ikishuka pwani inakauka mafuta. Ya kupanda mlima inakera, ya kushuka pwani inatoboa pistoni.

mzee_wa_laptop
Asante sana ndugu yangu, hii ni muhimu kweli na nlikuwa nakuja huko. Alfa-n haioni mwinuko. Throto wazi asilimia 50 ni 50 popote ulipo, ila pwani presha ya hewa ni kama kilopaskali 101, Nairobi ni kama 83, Arusha kama 86. Ukipanga Dar lamda (kipimo cha hewa kwa mafuta, chini ya 1 mafuta ni mengi) ikawa 0.88, ukafika Arusha na mapu ileile lamda inakuwa karibu 0.75, hapo injini inazama kwenye mafuta. Dawa ni sensa ya pili ya presha iliyo wazi kwa hewa ya nje, boksi linapima kila wakati na kupunguza au kuongeza. Maboksi mengi yanaruhusu, ya bei kali kama MoTeC na hata ya watu wa bajeti kama MicroSquirt na Speeduino. Baadhi yanasoma presha mara moja tu ukiwasha swichi, kwa autocross inatosha, kwa mashindano ya kupanda mlima haitoshi. Sensa ya joto la hewa nayo lazima, ila isikae juu ya injini inapopata joto la chuma.

Bandit1157
Nozeli zilizokuja nazo zitatosha? Na pampu?

mzee_wa_laptop
Tuseme unataka farasi 130. Injini ya petroli inakula kama ratili nusu ya mafuta kwa kila farasi kwa saa. 130 mara 0.5 ni 65, gawa kwa nozeli 4 ni 16.25, gawa kwa 0.85 kwasababu hutaki nozeli ifunguke zaidi ya asilimia 85 ya muda, unapata ratili 19 kwa saa, sawa na sentimita za ujazo 200 kwa dakika kila nozeli. Peleka nozeli zikapimwe na kusafishwa, uwe na namba zako kwenye karatasi, zote nne zikaribiane. Za injini iliyokuwa inatoa farasi zaidi ya hao hazitakosa.
Kuna namba nyingine watu wanairuka, muda ambao nozeli imepewa umeme lakini haijafunguka bado. Ni kama milisekunde moja kwenye voltiji 13 hadi 14. Kwenye sailensa nozeli inafunguliwa kama milisekunde 2 tu, maana yake nusu yote ni muda mfu. Voltiji ikishuka muda mfu unarefuka. Ndo maana feni ikiwaka sailensa inashuka na mtu anasema mapu mbovu. Jaza jedwali la voltiji kwenye programu, mwisho wa tatizo.
Pampu, presha iwe baa 3, na regyuleta iwe na laini ya kurudi. Mpira wake wa vakyumu acha wazi kwa hewa ya nje, kwa throto nne ile presha inayoruka itakuyumbisha tu, tofauti itamezwa na mapu. Tangi lako la sasa linashusha mafuta kwa uzito wake, kwahiyo weka katangi kadogo ka kati kanachojazwa na pampu ya presha ndogo, pampu kubwa inyonye kutoka hapo chini. Bila hako katangi, kona ileile iliyokuwa inamwaga kabureta itafanya pampu inyonye hewa na utakuwa umetumia hela zote kurudi ulipoanzia, na safari hii mbaya zaidi maana nozeli ikikosa mafuta ukiwa umekanyaga mpaka chini pistoni ndo inalipa.
Mipira iwe ya presha ya injekta. Ule mpira wa kabureta kwenye baa 3 utapasuka juu ya ekzosi.

kabureta_mpaka_kesho
Nakubali hili la bagi kutolala, sikuliangalia hivo. Swali langu, daino (mashine ya kupimia nguvu ya injini) hatuna wengi. Anatunije?

mzee_wa_laptop
Sensa pana ya lamda, Bosch LSU 4.9 na kidhibiti chake, unarekodi kila kitu kwenye laptop, unakimbia, unasimama, unasoma, unarekebisha. Ekzosi fupi iliyo wazi inavuta hewa ya nje kurudi ndani resi ikiwa chini na sensa itakuambia mafuta machache wakati sio kweli, kwahiyo ifunge karibu na pale mabomba manne yanapokutana, mbali na mdomo, na isimame kwa mteremko maji yasikae ndani. Usiiache kwenye ekzosi bila umeme injini inaunguruma, masizi yanaiua.
Kitu ambacho nataka mkishike: silinda ikikosa moto, hewa yake inatoka haijaungua na sensa inaona oksijeni, inasoma mafuta machache. Mtu anaongeza mafuta, inakosa zaidi, sensa inasoma machache zaidi, anaongeza tena. Ukiona lamda inaruka kwenda juu ghafla na sauti imebadilika, acha mafuta, tafuta moto.
Mguu ukiwa chini mi nalenga 0.86 kwa injini ya oili, mafuta ya ziada yanaipoza. Anza na mafuta mengi shuka polepole. Taimingi anza nyuma, sikiliza, soma plagi, ongeza digrii moja moja. Bila daino huwezi kujua digrii ya mwisho iko wapi, kwahiyo usiifukuze.

Dada_Umeme
Bandit1157 kabla hujasahau, pampu isifungwe kwenye swichi moja kwa moja. Rilei yake iamriwe na boksi, krenki ikiacha kuzunguka sekunde mbili pampu izime yenyewe. Na weka swichi ya kugonga, ukipinduka ikate. Tangi liko mgongoni kwako na ekzosi iko pembeni. Alteneta ya hiyo injini nayo pima, pampu, koili, nozeli na feni kwa pamoja ziwe zinabeba bila betri kushuka chini ya voltiji 13 resi ikiwa 3,000.

Bandit1157
Nimeelewa wakuu na dada yangu. Kesho napeleka rota kwa mkerezaji nikatengeneze gurudumu la meno 24, kabureta zinabaki. Throto naanza kuzipima kwa veniya nikiwa nasubiri. Mzee pikapu ya asili ya Bandit itasoma hayo meno au nitafute nyingine?

mzee_wa_laptop
Itasoma, tumia hiyohiyo. Pima ukinzani wake kwa mita ikiwa baridi na ikiwa moto, isikatike. Jino liwe pana kidogo kuliko ncha ya pikapu, na mwambie mkerezaji chuma kiwe laini cha kawaida, asikuwekee alumini wala stenlesi.